Kwa nini sanamu za alusi za Waigbo zinanyoosha mikono mitupu?

#1 Kijana wa Ngara
Wakuu, habari za jioni. Niko Ujerumani mwaka wa nne sasa, kazi yangu ya ghalani. Jumapili iliyopita makumbusho ya mji huu yalikuwa bure, nikaenda na jamaa ninayefanya naye zamu, Mwigbo wa upande wa Onitsha. Kwenye ukumbi wa Afrika kuna sanamu ya mti imesimama peke yake ndani ya kioo, inanifika kifuani. Shingo ndefu yenye pingili, paji la uso limechanjwa mistari, miguu imeachana kidogo. Kilichonishika ni mikono. Viwiko vimebana ubavuni, halafu mikono inakuja mbele na viganja vimeelekea juu. Havina kitu. Kibao chake kimeandikwa tu kwamba ni sanamu ya mungu, Waigbo, Nigeria.

Nikamwuliza jamaa, mbona imeshika hewa? Hakunijibu. Alivua kofia akasimama kama dakika mbili, kisha akasema polepole, "Hakuna aliyempa chochote tangu afike hapa." Tukatoka. Njia nzima hakurudia habari hiyo, nami nikaona si adabu kumchokonoa.

Nawauliza ninyi. Ile mikono inaomba, inapokea, au inatoa? Na ile ndiyo mungu mwenyewe au ni mfano wake tu? Siku ya tano leo nalala nayo kichwani.

#2 Dada Zawadi
Naweka kambi hapa. Hilo neno la huyo jamaa limenigusa sana.

#3 Mlokole Imara
Kijana, asante kwa mada, na nisamehe nikisema wazi. Zaburi ya 115 ilishalijibu hili zamani: inasema habari za masanamu yenye mikono isiyoshika. Mikono ni mitupu kwa sababu hakuna mtu mle ndani. Huyo rafiki yako mwombee, ana jeraha.

#4 Msomi wa Nsukka
Wakuu heshima kwenu. Nilisoma chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria, miaka mitano, na likizo nilikuwa nazunguka vijijini na wenzangu wa darasa, kwa hiyo nitasema niliyoyaona na niliyofundishwa.

Kwanza hicho kibao kinapotosha. Neno lenyewe ni alusi, sehemu nyingine husema agbara. Waigbo wana Mungu mmoja mkuu, Chukwu, na huyo hachongwi. Alusi ni nguvu zilizo chini yake: ardhi yenyewe, Ala au Ani, mito kama Idemili, hata siku nne za soko, Eke, Orie, Afo na Nkwo, zina alusi wake. Sanamu za mti za namna aliyoiona Kijana hupatikana zaidi upande wa Anambra, Awka, Nri na Onitsha. Na hazikai moja moja kama alivyoikuta. Hukaa kwa ukoo: baba, mke, watoto, na wa kutumwa. Kubwa kupita mtu, ndogo ya kufika magotini, zote zimepangwa ndani ya kibanda cha ibada. Ile peke yake ndani ya kioo ni kama umekuta baba wa watu ametolewa nyumbani kwake usiku.

Mistari ya usoni ni ichi, alama ya watu wenye ozo, cheo cha heshima cha Waigbo, yaani alusi anachongwa akiwa mtu mwenye cheo chake mjini. Rangi nyeupe ni nzu, udongo mweupe wa usafi na wa kukaribisha wageni. Michoro mingine hutoka kwenye uli, ile ambayo wanawake hujichora mwilini na kuchora kutani.

Kuhusu viganja nilisikia mawili kwa watu wawili tofauti. Mwalimu wangu alisema vimefunguka ili kupokea sadaka. Mzee mmoja wa kijijini akasema hapana, vimefunguka ili uone kwamba alusi hana alichokuficha, naye anataka uje kwake vivyo hivyo, bila kisu nyuma ya mgongo.

#5 Kapipo
Msomi wa Nsukka umeandika vizuri. Swali la mtu asiyejua: hawa si ndio wale wa shaba za Benin ambazo Waingereza walizibeba? Na kama Chukwu hachongwi, basi alusi ni kama malaika?

#6 Msomi wa Nsukka
Hapana Kapipo, Benin ni ya Waedo, ufalme mwingine kabisa. Waigbo wana shaba zao ambazo ni za kale kuliko za Benin kwa karne kadhaa. Mwaka 1939 mtu wa mji wa Igbo-Ukwu, Isaiah Anozie, alikuwa anachimba kisima cha kuhifadhia maji uani kwake akakuta vyombo vya shaba. Baadaye, 1959 na 1960, na tena 1964, mwanaakiolojia Thurstan Shaw akafukua palepale na viwanja vya jirani: akapata vyombo vya ibada, kaburi la mkubwa mmoja aliyezikwa ameketi, na shanga zaidi ya 165,000. Ni vya karne ya 9 au ya 10. Na nyuso kadhaa za shaba zile zina mistari iliyofanana na ichi. Kwa hiyo hiyo mistari aliyoiona Kijana kwenye kioo cha Ujerumani ina miaka kama elfu moja.

Malaika? Sipendi kulinganisha hivyo. Malaika hafi njaa ukimsahau.

#7 Mchonga Mpingo
Mimi sijui dini za watu, najua mti. Nachonga Mwenge mwaka wa ishirini na mbili huu, nilifundishwa na baba, naye alitoka nao mkono Newala. Nataka niwaambie kitu ambacho asiyechonga hakioni.

Nyuzi za mti zinapanda juu, kutoka mizizi kwenda tawini. Ukichonga mtu aliyeshusha mikono ubavuni, mkono unafuata nyuzi, hauvunjiki. Ukitaka mkono uje mbele kama Kijana alivyoeleza, na sanamu nzima ni gogo moja bila kuunga, matatizo ni mawili. La kwanza, unahitaji gogo nene mno. Unene wote wa mbele ya tumbo, kuanzia kichwa mpaka miguu, unautupa kwa shoka ili ubaki na mikono miwili tu. Hiyo ni kazi ya siku nyingi na mti mwingi unaoishia kuni. La pili, nyuzi kwenye mkono zinakuwa za kukatisha, fupi fupi. Ukiigonga tu, mkono unaruka kwenye kiwiko. Mimi mwenyewe nimeshavunja mikono ya namna hiyo nikiwa nimebakiza kupiga msasa.

Sasa mchongaji aliyekubali hasara yote hiyo, kizazi baada ya kizazi, hakufanya kwa urembo. Angetaka urembo angeishusha mikono akapumzika. Ile mikono ndiyo kazi yenyewe, na mwili umechongwa ili mikono ipate mahali pa kutokea.

Kijana, ulitazama mti gani? Ulikuwa wa rangi gani pale rangi ya juu ilipobanduka?

#8 Kijana wa Ngara
Mkuu Mchonga sikujua hata kuangalia hilo. Nakumbuka kahawia, umepasuka mpasuko mrefu toka bega mpaka nyonga.

#9 Abu Salma wa Lamu
Assalaam alaykum. Mimi ibada za masanamu sizikubali na sitajifanya nazikubali, lakini swali ni zuri na lazima tuwaeleze watu kwa haki. Fungueni viganja vyenu sasa hivi, viwiko vibane ubavuni, viganja juu. Mnafanya nini? Mnaomba dua. Mtu anayepokea sahani hukaa hivyo? Anayepokea huinama, huunganisha viganja. Huyu amesimama wima. Kama yuko chini ya Chukwu kama alivyosema Msomi, basi naye anaomba. Anawaombea watu wake kwa aliye juu yake.

#10 Dada Zawadi
Nimejikuta nimefungua viganja kwenye daladala. Abu Salma hii imeniingia.

#11 Mke wa Awka
Nimesoma kimya tangu juzi, ngoja niseme. Mimi ni Mhaya wa Muleba, nimeolewa Anambra, mwaka wa kumi na moja huu. Baba mkwe alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, akienda misa, na bado kwenye obi yake, ile nyumba ya mbele anakopokelea wageni, kulikuwa na rafu ndogo ya udongo nyuma ya kiti chake. Juu yake palikuwa na ikenga. Si alusi, msichanganye. Alusi ni wa mji au wa ukoo, ikenga ni ya mtu mmoja.

Ilikuwa ndogo, urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Mtu ameketi kwenye kigoda, kichwani pembe mbili za kondoo dume zimepinda nyuma. Mkono wa kulia kisu, mkono wa kushoto kichwa cha mtu kwa nywele. Nilipoiona mara ya kwanza niliogopa nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Ilikuwa nyeusi tii, lakini si rangi. Ilikuwa damu za majogoo na kola iliyotafunwa, ile kokwa chungu ya kukaribishia wageni, na tembo la mchikichi, miaka na miaka, imeganda kama lami. Manyoya mawili matatu yalikuwa yamenasia humo. Mti wenyewe ulionekana mahali pamoja tu, kwenye goti la kulia, pale baba alipokuwa anagusa kwa kidole gumba kila asubuhi. Pale palikuwa panang'aa kama kiti cha zamani.

Alikuwa anaamka, ananawa, anachora mistari ya nzu sakafuni, anavunja kola na kusema. Si kwa siri. Aliomba kwa sauti, akataja watoto wake wote, akataja na wangu. Mimi mgeni nisiye na damu yao, alilijua jina la mama yangu Muleba, akalitaja. Na aliongea Kiigbo tu, maana wanasema kola haisikii Kiingereza.

Sasa kwa Abu Salma, kaka yangu, dua nimeielewa, ni nzuri, ila kwa nilivyowaona wao mwombaji wao ni mtu, si alusi. Alusi ndiye anayeombwa. Mume wangu nilipomsomea maelezo yako alitikisa kichwa, akasema mikono ile ni ya mtu mkarimu. Kwao mtu mbaya ni wa mkono uliofumbwa. Ukisema fulani ana mikono wazi umemsifu, maana anatoa. Kwa hiyo hapo hakuna kupokea, alusi ameshatoa na mikono imebaki mitupu.

#12 Kapipo
Mke wa Awka umenisafirisha. Kwanza asante. Pili, kwa nini kisu mkono wa kushoto na kichwa mkono wa kulia? Wapiganaji wa mkono wa kushoto?

#13 Mke wa Awka
Umesoma haraka Kapipo, rudi juu. Kisu ni kulia. Na hilo si jambo dogo, maana ikenga ni habari ya mkono wa kulia hasa. Kuna sehemu mkono wa kulia wenyewe huitwa aka ikenga. Ndio mkono wa kulima, wa kupigana, wa kutafuta. Kijana akianza maisha, akianza biashara, anahitaji huo mkono uwe na nguvu. Pembe ni za kondoo dume kwa sababu kondoo dume huenda vitani kwa kichwa: ukianza jambo ingia na kichwa chako, usitume miguu ya mwenzio.

#14 Kapipo
Nimerudi juu, nimeona, nimekosea. Na alipofariki baba ikenga ilienda wapi? Mlirithi?

#15 Mke wa Awka
Hairithiwi kwao. Kuna vijiji huitunza kama kumbukumbu. Kwao waliipasua. Kaka mkubwa wa mume wangu aliipasua kwa panga katikati, toka kati ya pembe mpaka kigoda, nusu ikaenda na baba, nusu ikatupwa porini. Mlio ule sitausahau. Ndani mti ulikuwa mweupe kabisa, mpya, kama umechongwa jana.

Na wanao msemo: ikenga isiyofanya kazi ipasuliwe iwe kuni. Wanasema wakiwa wameshika chupa ya soda, kama jambo la kawaida.

#16 Mlokole Imara
Mke wa Awka pole kwa msiba, hata kama ni wa zamani. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Lakini ninyi hamwoni kama mmenipa hoja? Mungu anayeweza kufanywa kuni akishindwa kazi, huyo wanajua wenyewe kuwa ni mti.

#17 Mke wa Awka
Ndugu yangu, nilimwuliza mume swali lako hilohilo mwaka wa kwanza wa ndoa. Alinijibu kwamba hapana, mti haujawahi kuwa chochote. Aliyechonga analeta mti, dibia, yaani mganga wao, ndiye anayeutengeneza kwa kola na damu na maneno, na siku maneno yakikoma unarudi kuwa mti. Kwa hiyo unayempasua humpasui. Ameshaondoka.

#18 Msomi wa Nsukka
Hapo nitofautiane kidogo na shemeji. Kuna wazee walioniambia kinyume: alusi wa mji hachaguliwi na watu, ardhi ilikuwapo kabla yenu, mto ulikuwapo. Sanamu ikiliwa na mchwa inachongwa nyingine na mto uko palepale. Ikenga na alusi ni vitu viwili, sheria ya moja usiipeleke kwa nyingine. Kuhusu mikono nakubaliana na mume wako nusu tu, maana katika sikukuu ya mwaka nilishuhudia sanamu zimetolewa nje ya kibanda, zimeoshwa, zimepakwa rangi upya, zimevishwa vitambaa kiunoni, na watu wanapita wanaweka vitu mbele yao. Fedha kidogo niliziona zimewekwa juu ya kiganja chenyewe. Kama si mahali pa kupokelea, mtu yule asingeweka pale.

#19 Mzee Tanganyika
Vijana, nami niwakumbushe. Mwaka 1968 nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa na redio kubwa ya betri, jirani wote wanajaa barazani. Tulisikia Mwalimu ameitambua Biafra, nchi ya Waigbo waliojitenga na Nigeria. Tulikuwa nchi ya pili nadhani, baada ya Gabon. Shuleni tukachangishwa, nikatoa senti zangu, mama akanipa na kanga aliyokuwa hajaivaa nipeleke. Picha za watoto wale wenye matumbo tulibandikiwa ukutani darasani. Mpaka leo nikiona jina Igbo naona picha ile.

Swali langu: hizo sanamu zilifikaje Ulaya? Watu waliokuwa wanakufa njaa walikuwa na muda wa kuuza miungu yao?

#20 Msomi wa Nsukka
Mzee shikamoo. Hiyo kanga ya mama Mungu aikumbuke. Nirekebishe kwa heshima: Tanzania ndiyo ilikuwa ya kwanza, tarehe 13 Aprili 1968. Gabon, Ivory Coast na Zambia walifuata Mei.

Na swali lako ndilo swali lenyewe. Vita vilianza Julai 1967 vikaisha Januari 1970. Vijiji vizima vilihama porini, vibanda vya ibada vikabaki bila mtu. Wachuuzi walijua. Vitu vingi vikavushwa mpaka wa Kameruni na kuishia Ulaya na Marekani. Sheria ya Nigeria iliyokataza kutoa mambo ya kale bila kibali ilikuwapo tangu 1953, lakini vitani nani anaangalia kibali?

Tarehe 29 Juni 2020 jozi ya alusi, mume na mke, ilinadiwa Paris kwa yuro 212,500. Profesa Chika Okeke-Agulu wa Princeton, ambaye ni Mwigbo na alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita, alipinga hadharani kabla ya mnada, watu wakatia saini, Nigeria ikaandika barua. Wanadi wakasema uuzaji ni halali. Ukauzwa.

Kwa hiyo mzee, wengi hawakuuza. Walirudi nyumbani wakakuta kibanda kitupu.

#21 Mzee Tanganyika
Marahaba. Nimekaa kimya kidogo baada ya kusoma. Tulituma nguo kwa mlango wa mbele na wengine wakabeba miungu yao kwa mlango wa nyuma, mwaka uleule.

#22 Mlokole Imara
Mzee hapo uko sahihi na mimi nalaani. Kuacha sanamu kwa sababu umeamini ni jambo moja, kuibiwa ukiwa na njaa ni jingine. Lakini tuseme na ukweli wa pili, kwamba nyingine zilichomwa na Waigbo wenyewe. Nimeona mahubiri, mpaka miaka hii, wahubiri wao wanazunguka vijijini na petroli.

#23 Mke wa Awka
Ni kweli kabisa. Kijiji cha shangazi wa mume wangu walichoma kibanda kizima mwaka mmoja tu kabla sijaolewa, na vijana walioshika viberiti walikuwa wajukuu wa waliochonga. Shangazi ni mwimba kwaya. Alisimama mbali akalia, halafu Jumapili akaenda kuimba. Nilimwuliza alililia nini. Akasema alilia rangi, maana mama yake ndiye aliyekuwa akizipaka.

#24 Binti Kaloleni
Jamani mmenifungua kidonda. Mimi ni Mgiriama. Sisi tuna vigango, nguzo za mti tunazosimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kijiji cha Chalani, mzee Kalume Mwakiru alisimamisha viwili kwa ajili ya ndugu zake. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha amesimama mbele yake, muda si mrefu vikaibwa. Mzee akafa bila kuviona. Kimoja kikapatikana jumba la makumbusho la Illinois, kingine chuo kikuu cha Hampton, kwa ile picha ndio vikatambulika, na 2007 vikarudi Chalani. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver, Marekani, nayo yakarudisha thelathini Kenya, lakini vya kwao hakuna aliyejua ni vya boma lipi.

Ndugu Mchonga, kigango hakina mikono kabisa. Ni ubao tu, kichwa cha duara na nakshi za pembetatu. Kwa hiyo sidhani mikono ndiyo roho ya kitu. Kwetu roho ya kitu ni mahali pake. Ukishakisimamisha hakihamishwi. Kikila mchwa kikaanguka, kiache. Familia ikipata shida baada ya kigango kung'olewa, mvua ikikataa, mtu akiugua, wazee watauliza kwanza: nguzo ziko wapi?

#25 Mchonga Mpingo
Binti Kaloleni nimekusikia, na pole. Ila ninyi mna sababu zenu za kutoweka mikono, wao wana sababu zao za kuiweka kwa gharama ile. Mimi nabaki na mikono yangu.

Halafu kuachia kazi iliwe na mchwa siwezi kuielewa mpaka nife. Mtu amechonga!

#26 Msomi wa Nsukka
Mchonga, basi usiende Owerri. Kule Waigbo wa kusini walikuwa na mbari. Mambo yakiharibika mjini, magonjwa, viazi vikuu vikikataa, dibia anaagua kwamba Ala anadai nyumba. Wanachaguliwa watu, wanafungiwa ndani ya uzio, miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Wanafinyanga sanamu nyingi kwa udongo wa kichuguu, ukubwa wa mtu. Katikati anaketi Ala mwenyewe na mtoto magotini, pembeni Amadioha wa radi, na kuzunguka ni dunia nzima: mama anajifungua, fundi cherehani, mnyama wa porini, mzungu mkuu wa wilaya amebebwa. Kuta zote rangi. Siku uzio ukibomolewa watu wanakuja kushangilia, wanakula. Baada ya hapo hakuna anayeziba hata ufa. Mvua inashuka, paa linaanguka, udongo unarudi kwa Ala. Walichompa ni kule kufinyanga. Ala akidai tena, inajengwa nyingine.

Jina hilo lilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki kwa njia ya pembeni. Klabu ya waandishi na wasanii iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1961 iliitwa Mbari, na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa nao kule, akaja Nairobi 1963 akaanzisha Chemchemi, kituo cha sanaa cha namna hiyohiyo.

#27 Mchonga Mpingo
Mwaka mzima wanafinyanga halafu mvua. Aisee. Ngoja nikae na hilo.

Mke wa Awka, mti wa alusi kwao ni upi? Nasikia ni mkola, maana jina la mti na jina la kola ni moja.

#28 Mke wa Awka
Hapana, maandishi ndiyo yanafanana, sauti ni tofauti. Kola ni oji, na ule mti mkubwa wa kuchonga nao ni oji, unapanda na kushuka sauti tofauti. Nilikosea mwaka mzima wakinicheka. Oji wa kuchonga utaujua ndugu yangu, ni mvule huuhuu wa kwetu. Ila si wote wa mvule, wanatumia na mingine.

#29 Mchonga Mpingo
Mvule! Basi Kijana ndio maana ukasema kahawia na mpasuko mrefu. Mvule mchwa hawaupendi, ndiyo maana amefika salama. Nimefurahi kama nimekutana na ndugu.

#30 Abu Salma wa Lamu
Nimesoma yote. Dada wa Awka, nakubali huwezi kuwasemea watu kinyume cha wanavyosema wenyewe. Lakini mume wako anasema ametoa, mwalimu wa Msomi anasema anapokea, yule mzee wa kijijini anasema anaonyesha hana kisu. Waigbo watatu, kauli tatu. Basi ya nne ya Mlamu nayo iachwe ikae mkekani.

#31 Mke wa Awka
Ikae kaka. Nimemsomea mume, amesema karibu kola.

#32 Kijana wa Ngara
Wakuu nimerudi. Leo ilikuwa bure tena. Nilimwambia jamaa kuhusu uzi huu, nikamtafsiria kidogo kidogo wakati wa mapumziko, zaidi habari ya baba mkwe na goti lile linalong'aa. Alicheka, mara ya kwanza nimwone anacheka kuhusu hili. Akasema babu yake alikuwa anagusa pembe, si goti.

Tulienda wote. Safari hii nilitazama nilivyofundishwa. Ni mkavu, kahawia iliyoiva, naamini ni mvule. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakipo, kimevunjika zamani, maana palipovunjika nako kuna rangi. Nikainama mpaka kichwa kikagusa kioo, mlinzi akanisogelea. Kwenye kiganja cha kushoto, ndani ya mkunjo wa kidole gumba, kuna kitu cheupe kimebaki. Hakipo mahali pengine popote mwilini, kwingine kote wamesafisha.

Jamaa akasema ni nzu. Nikamwuliza, aliwekewa, au alikuwa ameishika ampe mtu? Akasema kwao anayekuja hupewa nzu, na anayekuja naye huja na nzu. Halafu akatoa mkono mfukoni. Alikuwa na kokwa ya kola, sijui aliipata wapi mji huu. Hakujaribu kuiweka popote, kioo kimefungwa. Aliivunja palepale, akanipa kipande, akala chake, akaongea Kiigbo kwa sauti ya chini. Nilisikia jina langu.

#33 Dada Zawadi
Nimelia. Nitaandika kesho.

#34 Mchonga Mpingo
Kijana asante sana. Ukirudi tena, mwombe mlinzi uzunguke nyuma. Angalia kiwiko upande wa ndani, pale mkono unapoanza kuja mbele, kama kuna alama za tezo zinazokatisha nyuzi au zinazofuata. Ukiweza piga picha. Nina gogo la mvule hapa Mwenge lina mwaka wa tatu linakauka, na nimeanza kulipima unene.